Gia Ndogo ya Baba Zuhura

Jumatatu, 12 Januari

Kumgeuza mume wangu kitandani, kumwogesha, uji, vidonge vya presha, halafu gari. Kila siku ni hivyo hivyo. Leo nimepakia makopa ya muhogo ya Mama Asha na mbaazi za majirani, safari ya Masasi. Mvua kubwa ya kwanza ya msimu ilinyesha alfajiri.

Katikati ya kilima cha Mkwajuni gia ndogo, ile ya foo-wili, ikachomoka yenyewe. Nilikuwa nimetia foo-wili vizuri, taa ya kijani inawaka, magurudumu yote manne yanavuta. Ghafla kishindo chini ya miguu, taa ikazima. Ya mbele yakaacha kuvuta, ya nyuma yakaanza kuchimba tope. Tukarudi kinyumenyume hadi chini. Mama Asha alikuwa pembeni yangu na kuku wake, anapiga shahada.

Tumepita baada ya kushusha nusu ya magunia na kuyapandisha kichwani. Hakuna njia nyingine ya kutoka kwetu kwenda barabara kuu. Ni kilima hiki au ukae nyumbani.

Wanaume wawili walikuwa wanatazama. Wakasema gari hili halijazoea kuendeshwa na mwanamke. Hawakushika hata gunia moja.

Baba Zuhura ameendesha pikapu hii miaka na miaka, sikuwahi kumsikia akilalamika kwamba gia inachomoka. Kumuuliza siwezi. Tangu kiharusi cha mwezi wa tisa hajasema neno likaeleweka. Mkono wa kulia umelala tu, mguu anaukokota. Nimechoka leo.

Jumatano, 14 Januari

Kwa fundi wa Newala. Hata kabla ya kufungua boneti amesema kosa ni langu, sifungi loki za magurudumu ya mbele. Nimemwambia nazifunga mwenyewe kila asubuhi, nainama kwenye tope na kanga yangu. Akaenda kuzikagua. Zimefungwa. Akaninunulia soda.

Kisha akamwaga oili ya gia boksi ndogo. Imetoka inametameta, imejaa unga wa chuma. Akaisugua kati ya vidole. "Kuna kitu kinasagika humu, mama." Yeye hawezi kukifungua. Ametia oili mpya na kunielekeza kwa Fundi Mchopa, Masasi.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua. Sikutoka. Mgongo unauma.

Zuhura amepiga simu kutoka Lindi. Anasema niuze gari nipumzike. Nimemuuliza baba yake atakwenda kliniki kwa mbawa? Naye ana watoto, simlaumu. Lakini simu yake imenichosha.

Yule dada wa mazoezi kule hospitali ya Mkomaindo, Masasi, alituambia wazi: miezi hii ya mwanzo ndiyo viungo hurudi, tukiiachia vinakakamaa na hakuna wa kuvilegeza tena. Kila baada ya wiki mbili, Jumatatu. Hatujakosa hata mara moja. Vidole vya mkono wa kulia vimeanza kujikunja ndani. Nikivinyoosha anafumba macho.

Bi Mwanahawa, shangazi yake, anasema gari bado lina mkono wa mtu. Yule mama hachoki. Baada ya hospitali ndiye aliyesema mwanawe amefungwa, akatuamuru tufungue kila fundo nyumbani na garini. Tukafungua mapazia, kamba za kitanda, mifuko ya mbegu. Chini ya kiti cha pikapu tukakuta ukanda mweusi wa mpira wenye mafundo mafundo. Akasema hiki ndicho. Tuliufungua kwa ubani na Yasini, akautupa chooni kwa mkono wake. Sasa anataka dua irudiwe. Nimemwambia anisubiri nimalize kwanza na mafundi.

Jumatatu, 19 Januari

Tumekosa kliniki.

Alikuwa tayari tangu saa kumi na mbili, kanzu nyeupe na kofia. Kila siku ya kliniki anavaa kama mtu wa harusi. Kilima kimekataa. Nimejaribu hadi injini ikatoa harufu.

Kila gia ilipochomoka alikuwa anatoa sauti, "ee, ee," na mkono wake mzima unapapasa chini kati ya viti. Nikadhani anataka maji. Nikampa chupa. Akaisukuma, ikamwagika, akaendelea kupapasa. Nikampigia kelele. Nilimpigia kelele mtu asiyeweza kunijibu, mbele ya watu waliokuja kutusukuma.

Tumerudi nyumbani. Yule dada amesema kwa simu twende kesho, atatupenyeza.

Jumanne, 20 Januari

Bodaboda. Nisingekubali kama ningekuwa na njia nyingine.

Tulimpakia Baba Zuhura katikati, dereva mbele, Hamisi mtoto wa kaka yake nyuma. Tukamfunga kwa kanga mbili ili asilale upande. Mimi nikafuata na bodaboda ya pili. Kwenye kilima ile ya kwanza ikateleza. Wameanguka wote watatu, yeye chini, upande wake mbovu. Hakuumia. Kanzu yote tope jekundu.

Barabarani tumepanda gari la abiria hadi Masasi. Pale Chiungutwa aliingia mteja wake wa zamani, akamtambua, akasema shikamoo kaka. Baba Zuhura akageuza uso dirishani.

Kwenye mazoezi hakufanya chochote. Dada alimpa mpira wa kubinya, akauacha udondoke. Akageukia ukutani. Tulipofika nyumbani akanionyesha kwa mkono wa kushoto, akipitisha kiganja hewani kama kisu. Basi. Hataki tena.

Sitamlazimisha. Mtu aliyekuwa akibeba kijiji kizima hafungwi kanga kama mtoto wa mgongoni. Lakini asipokwenda ndiyo imekwisha, mkono huo utabaki hivyo hadi kaburini. Gari lipone. Sina dua nyingine.

Ijumaa, 23 Januari

Siku mbili jua. Kilima kimekauka, nikapita gari tupu hadi kwa Fundi Mchopa.

Mtu mnene, mpole, anasikiliza gari huku ameinamisha kichwa. Amelizungusha kwenye lami kwenda na kurudi. Gia haikuchomoka. Nimejiona mwongo. Akatazama matairi: ya mbele mapya, ya nyuma vipara. Akasema hayalingani, yakienda pamoja yanabishana, na ubishi huo ndio unaoisukuma gia itoke. Akaniwekea yanayolingana.

Nimerudi nikiimba. Sijui mara ya mwisho niliimba lini.

Jumapili, 25 Januari

Mvua usiku kucha. Asubuhi nimejaza magunia ya mchanga, nikaenda kujaribu.

Imechomoka. Juu kidogo kuliko zamani, lakini imechomoka. Nimekaa kwenye usukani mpaka vioo vikajaa ukungu. Matumaini yananichosha kuliko kazi.

Jumatano, 28 Januari

Jua limekausha kilima tena, nimerudi Masasi. Leo nimekataa jaribio la gari tupu. Nimemwambia Fundi Mchopa ugonjwa huu hauonekani mpaka gari libebe. Wote waliokuwa wanapiga soga pale gereji nikawaambia wapande nyuma. Wakapanda wanacheka, mama kapata abiria wa bure. Nikawapeleka kwenye mwinuko wa kokoto nyuma ya mtaa. Katikati ya mwinuko, kishindo. Kicheko kikaisha.

Fundi akalala sakafuni garini na tochi, mwili nusu nje. Akakaa muda. Kisha akaniita nitazame. Chini ya kiti cha abiria kuna ndoano, nondo iliyopindwa na kuchomelewa. Upande mmoja umelika mpaka unang'aa.

"Hapa palikuwa panafungwa mpira, Mama Zuhura. Ukanda wa tyubu. Unavuta gia ndogo isirudi. Madereva wengi wanafanya. Uko wapi?"

Nikakaa chini palepale kwenye oili.

Uko chooni. Tumeutupa kwa Yasini.

Amefungua gia boksi ndogo. Springi inayoishika gia mahali pake imekatika zamani. Ule uma wa ndani unaosukuma meno yakutane umelika, umekuwa mwembamba kama kijiko cha chai. Springi ilipokatika, Baba Zuhura angelileta gari gereji, ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Badala yake akafunga mpira. Mpira ukawa unaukandamiza uma siku zote, nao ukasagika kidogo kidogo. Vipuri mpaka Dar, vije kwa basi. Fundi amefunga na kunionya: nisithubutu kurudisha mpira. Uma ukivunjika kilimani gia boksi itajikaba. Kama nina safari ya lazima, mtu aishike gia kwa mkono. Mkono unajua kuachia.

Alhamisi, 29 Januari

Nimekata ukanda kwenye tyubu la baiskeli, nikamketisha garini, nikauzungusha kwenye gia ndogo mbele yake.

Akafumba macho. Nikamuuliza ni miaka mingapi. Akainua vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Machozi yakamtoka.

Miaka mitatu nakaa kiti kile, miguu yangu juu ya ndoano ile, naambiwa gari zima. Na kichwa je? Daktari alisema presha ilikuwa imepanda siku nyingi. Kwenye droo ya gari nilikuta makaratasi matupu ya dawa za maumivu. Kila nilipomwuliza alikuwa anasema mzima, jua tu. Gari bovu akalifunga mpira. Kichwa kibovu akakinywesha vidonge. Na mimi pembeni, mke wake, naonekana siwezi kubeba habari mbaya.

Sikumsemesha mpaka jioni. Ni rahisi kumnunia mtu asiyesema.

Halafu wakati namlisha nikakumbuka. Siku ile tulipouvuta ule ukanda chini ya kiti alikuwa kwenye mkeka, anatutazama. Aliinua mkono wake wa kushoto, akatoa sauti, akalia. Bi Mwanahawa akasema, mnaona, dua imeitika. Na mimi nikaitikia amina.

Na Jumatatu ile kilimani alikuwa anautafuta. Nikampa maji.

Ijumaa, 30 Januari

Nimekwenda kumwambia Bi Mwanahawa yote. Ndoano, springi, uma. Amesikiliza huku anachambua kisamvu. Mwisho akasema, "Mafundo ni mafundo, Mama Zuhura. Ilikuwa lazima yafunguliwe."

Nimecheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 2 Februari

Siku ya kliniki. Vipuri havijafika. Mvua.

Asubuhi nimemweleza kama anayesikia kila kitu, kwa sababu anasikia. Nikamwambia kwamba Fundi amekataza mpira. Mimi mikono yote miwili iko kwenye usukani. Hakuna bodaboda. Nahitaji mtu wa kushika gia. Nikaacha hapo, nikaenda kufunga loki. Niliporudi alikuwa anahangaika na kofia, aivae.

Akashika kwa mkono wa kushoto, amejipinda mwili mzima, maana gia iko kuliani kwake. Katikati ya kilima mkono ukateleza, gia ikaruka, tukaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki. Hamisi akaruka kutoka nyuma ya gari, akaweka mawe nyuma ya matairi.

Nikatia gia tena. Nilipomtazama alikuwa ameubeba mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama anayebeba kitu cha mtu mwingine. Akauweka juu ya kirungu cha gia. Akavifungua vidole kimoja kimoja, akavizungushia pale. Akaweka wa kushoto juu yake, akaegemea kwa kifua. Akanitikisia kichwa. Twende.

Niliondoka taratibu. Gia ilikuwa inatetemeka, inataka kutoka, namwona anavyokaza taya. Jasho linamtoka. Tope linaruka mpaka kwenye vioo. Tulipofika juu kwenye tambarare alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu mwezi wa tisa. Alikuwa anacheka.

Mkomaindo, dada wa mazoezi akampa kidole chake ashike kwa mkono wa kulia, kama kawaida, bila kutegemea kitu. Akabinya. Kidogo, lakini akabinya. Dada akaniuliza tumefanya nini. Nimemwambia ameshika gia. Akasema, "Basi huo ndio mpira wake. Mama, mpe mkono kazi."

Nililia kwenye korido. Mama mmoja akanipa pole, akidhani nimefiwa.

Alhamisi, 5 Februari

Gari halijaenda popote. Lakini kila asubuhi baada ya uji ananyoosha kidole nje. Namketisha kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, mimi naosha vyombo. Anashika gia ndogo, anaachia, anashika. Jirani ameuliza kama mzee amechanganyikiwa. Nimemwambia yuko kazini.

Hasira haijaisha. Nataka niandike hivyo. Nikimgeuza kitandani na mgongo ukanikata, naikumbuka ile ndoano.

Alhamisi, 12 Februari

Vipuri vilifika juzi. Nimemwacha Baba Zuhura na Bi Mwanahawa, nikalala kwa ndugu zangu Masasi. Fundi Mchopa ameweka springi mpya, uma mpya, akapaka grisi kila mahali, mpaka kwenye kirungu. Tumepakia mchanga na wapiga soga wote wa gereji, tukapanda ule mwinuko wa kokoto mara nyingi. Haijachomoka. Nimeondoa mguu, nimekanyaga tena kwa ghafla, nimepita kwenye shimo makusudi. Gia imekaa. Inaingia, inatulia, huwezi kuihisi.

Nilipaswa kufurahi. Niliinama kwenye usukani nikifikiri kesho asubuhi atashika nini.

Kabla ya kuondoka nimemwambia Fundi, ukikutana na mzee, usimwambie kwamba imepona. Alikuwa anafuta mikono. Akanitazama.

"Gari gani, Mama Zuhura?"

Mtu mwema yule.

Jumatatu, 16 Februari

Kliniki. Mvua nyepesi, kilima laini.

Nilimwambia Baba Zuhura kwamba Fundi bado anahangaika nayo, aishike tu. Miaka yote sikujua kumdanganya. Akaubeba mkono wa kulia, akauweka mahali pake, vidole vikazunguka vyenyewe isipokuwa kile kidogo. Wa kushoto akauweka juu. Nikatia foo-wili, taa ya kijani ikawaka.

Tukapanda. Tope, mawe, ile kona mbaya. Gia ilikuwa imetulia tuli chini ya mikono yake. Nilitazama mbele tu. Kwenye kona nikaona kwa pembeni mkono wa kushoto umeondoka, uko pajani. Wa kulia umebaki pale peke yake.

Tulipofika juu nikasema, "Asante, Baba Zuhura."

Akageuka akanitazama. Muda mrefu. Huyu ni dereva. Kiganja chake kimeijua gia ile kabla sijajua kuwasha gari, hawezi kukosa kujua kama inatetemeka au haitetemeki. Nilitazama barabara, mashavu yanawaka. Nikangoja asukume, atoe sauti, aondoe mkono.

Hakuuondoa. Ameshika mpaka kwenye lami.

Dada wa mazoezi ameridhika. Kidole kidogo bado.

Wiki hii mwezi wa Ramadhani unaandama. Nimeloweka kunde, nimefua kanzu yake. Pindo la mkono wa kulia lina doa la grisi. Sikulisugua sana.